Malmö hadi Copenhagen kwa gari: daraja, karatasi na maegesho

Kutoka: Mama wawili, Malmö

Ndugu zangu, habari za jioni. Jumamosi ya kwanza ya Januari tunataka kuvuka kutoka hapa Malmö, Uswidi, kwenda Copenhagen, Denmark, asubuhi na kurudi usiku uleule. Tuko watano: mimi na mume wangu, mama mkwe aliye hapa kwa viza ya kuingia mara moja, na watoto wawili, wa miaka 4 na 9. Gari ni la dizeli, la mwaka 2009, lina namba za Uswidi. Naomba anayejua anieleze malipo ya daraja, kama mama anaruhusiwa kuvuka, na mahali pa kuliacha gari. Asanteni.

Kutoka: J., Bunkeflostrand

Dada, kutoka katikati ya Malmö hadi katikati ya Copenhagen ni kama kilomita 40 tu, lakini pangeni kama watu wanaotoka nchi moja kwenda nyingine.

Fuateni barabara kuu ya E20, vibao vitaandika "Köpenhamn". Sehemu ya bahari ina vipande vitatu: daraja la karibu kilomita 8, kisiwa cha kutengenezwa cha Peberholm kama kilomita 4, kisha handaki la kilomita 4 linalotokeza pembeni mwa uwanja wa ndege wa Kastrup. Hakuna kituo cha mafuta hapo katikati, na kusimama kupiga picha ni marufuku. Darajani kikomo ni 110, ndani ya handaki 90. Vibao vya umeme vikishusha mwendo kwa ajili ya upepo, vitii hivyo. Upepo wa ubavuni unasukuma hasa gari lenye sanduku juu ya keria au lenye tela.

Ushuru unalipwa Lernacken, upande wa Uswidi, uwe unakwenda au unarudi. Kuna njia tatu. Ya ghali ni kulipa kwa kadi pale pale kibandani. Kununua mtandaoni kabla ya safari kunapunguza kidogo. Ya tatu ni mkataba wa mwaka unaoitwa ØresundGO: unalipa ada ya mwaka, halafu kila safari inakuwa chini ya nusu ya bei ya kibandani. Bei hubadilika, kwa hiyo zisomeni kwenye ukurasa wa daraja wiki hiyo hiyo. Hesabu yenyewe ni rahisi: kwenda na kurudi ni safari mbili, basi jumlisheni ada ya mwaka na safari mbili za mkataba, mlinganishe na mbili za kibandani. Kama mtavuka tena ndani ya mwaka, mkataba unashinda bila ubishi.

Angalieni pia urefu. Bei ya gari dogo ni ya gari lisilozidi mita 6. Ukifunga tela, hata lile dogo la kubebea kochi, unahama kundi la bei na unalipa karibu maradufu. Na kabla ya kufika kwenye vibanda someni alama za juu ya kila njia. Anayeingia njia ya wenye mkataba bila kuwa nao anafunga foleni nzima, maana kurudi nyuma hawezi.

Kutoka: Mzee wa Lund

Kuhusu bi mkubwa: viza ya Schengen ya kuingia mara moja haimaliziki kwa kuvuka mlango bahari wa Øresund, kwa sababu hatoki nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Tazameni stika ndani ya pasipoti. Pale palipoandikwa inatumika wapi pakiwa na neno "Schengenstaterna", anavuka. Pakiwa pametajwa Uswidi peke yake, abaki nyumbani siku hiyo. Siku atakazokaa Denmark zinahesabiwa kwenye siku zake zilezile.

Wenye kibali cha kuishi Uswidi wabebe vitu viwili pamoja, kadi ya kibali na pasipoti iliyo hai. Kadi peke yake haitoshi, na leseni ya udereva ya Uswidi si hati ya kusafiria hata kama posta wanaikubali. Watoto nao wawe na pasipoti zao. Wenye kadi ya LMA, yaani wanaosubiri jibu la ukimbizi, wasivuke kabisa: kadi hiyo si kitambulisho wala hati ya safari, na anayekamatwa nayo ng'ambo anaweza kuharibu kesi yake.

Ukaguzi huwa mkali zaidi wakati wa kurudi. Polisi wa Uswidi husimamisha magari hapo Lernacken, siku nyingine yote, siku nyingine moja moja. Pasipoti zikae kwenye mkoba wa mbele, si kwenye buti chini ya mabegi.

Kutoka: A., Amager

Karibuni upande huu. Mimi niongelee gari.

Dizeli ya 2009 ndiyo inayonipa wasiwasi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2023 gari dogo la dizeli haliruhusiwi kuingia eneo la mazingira la Copenhagen na Frederiksberg bila chujio la chembe za moshi. Lililosajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2011 linahesabiwa moja kwa moja kuwa limetimiza. La kwenu ni la kabla ya hapo, kwa hiyo hata kama kiwandani liliwekewa chujio, lazima mlisajili kwanza kwenye mfumo wa Denmark, kwa sababu kamera inasoma namba za gari tu, haichungulii ekzosi. Faini inafuata hadi Uswidi kwa posta. Magari ya petroli hayahusiki.

Msipolisajili kwa wakati, liacheni gari Hyllie, hapo hapo Malmö, mpande treni. Mnakwepa chujio, ushuru wa daraja na maegesho kwa mpigo mmoja. Kwa watu watano nauli inaweza kukaribia gharama ya gari, ila mnashukia katikati ya mji. Pasipoti zinahitajika vilevile.

Mkija na gari, mitaa ya katikati imegawanywa kwa rangi, nyekundu ndiyo ghali kuliko zote. Programu ya EasyPark mnayotumia Malmö inafanya kazi na huku, ila hakikisheni namba ya eneo ni ya kibao kilicho mbele yenu. Palipo na muda wa bure, wekeni diski ya maegesho upande wa kulia chini wa kioo cha mbele. Hapa ndipo wageni wa Uswidi wanapokosea: kwenu mnasogeza mshale hadi nusu saa inayofuata, huku ni robo saa inayofuata. Na zile pembetatu nyeupe zilizochorwa barabarani, Wadenmark wanaziita meno ya papa. Yakikuelekea, wewe ndiye wa kungoja.

Kubwa kuliko yote ni baiskeli. Unapokata kulia kwenye taa, mwendesha baiskeli anayekwenda moja kwa moja ubavuni mwako ana haki ya kupita kwanza, na wanakuja kwa kasi, kundi zima. Kioo cha pembeni hakitoshi, geuza shingo. Abiria wa nyuma kulia asifungue mlango kabla ya kutazama. Hasa huyo wa miaka 9!

Kutoka: J., Bunkeflostrand

Naongezea la watoto: nchi zote mbili zinapima urefu, si umri. Aliye chini ya sentimita 135 lazima akae kwenye kiti chake au kiinuzi. Kwa hiyo mpimeni huyo wa miaka 9 ukutani kabla hamjaamua kwamba ameshakua.

Pombe nayo haina kipimo kimoja. Denmark mwisho ni promili 0.5 (sehemu kwa elfu ndani ya damu), Uswidi ni 0.2. Aliye halali mezani Copenhagen anakuwa mkosaji mara tu anapofika Lernacken, na pale askari wapo. Dereva anywe soda.

Kutoka: P., Nørrebro

Wanaovuka kinyume, kutoka huku kwenda Malmö kununua ndizi za kupika na mihogo pale Möllevångstorget, wasisahau matairi. Denmark hailazimishi matairi ya theluji, Uswidi inalazimisha kuanzia 1 Desemba hadi 31 Machi pakiwa na theluji, barafu au utelezi, na gari la namba za Denmark halisamehewi. Tairi liwe na alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake. Maandishi ya M+S peke yake hayatoshi tena. Kina cha kashata za tairi kisipungue milimita 3, ingawa huku tumezoea 1.6. Faini ni krona 1,200 za Uswidi.

Pia mkimpeleka mgeni uwanja wa ndege kwa E20 kutokea Copenhagen, shikeni njia ya kulia mapema. Ukiipita njia ya kutokea ya Kastrup, mbele ni handaki, na hakuna pa kugeuzia. Utakwenda hadi Uswidi, utalipa, utageuka, utalipa tena, na mgeni ndege imemwacha.

Kutoka: Mama wawili, Malmö

Nawashukuru sana, na Mzee shikamoo. Swali la mwisho: shemeji yangu anaishi Copenhagen. Akishika usukani tukiwa mjini, kwa kuwa anaijua mitaa, kuna shida?

Kutoka: A., Amager

Ipo, dada. Mkazi wa Denmark kwa kawaida haruhusiwi kuendesha gari la namba za kigeni huku, kwa sababu ya kodi ya usajili. Kuna nafasi chache za ruhusa, lakini aulize kwanza Motorstyrelsen, mamlaka ya magari ya Denmark, asisubiri kujieleza barabarani.

Na tangu mwaka 2021 kuna sheria ya uendeshaji wa kichaa. Dereva akizidi 200 kwa saa, au akizidisha kikomo zaidi ya mara mbili huku mwendo umevuka 100, au akiwa na pombe zaidi ya 2.0, gari linataifishwa hata kama si lake. Namba za Uswidi haziliokoi.

Kutoka: Mzee wa Lund

Marahaba. Muulize shemeji na leseni yake ni ya wapi. Leseni ya Tanzania au Kenya inatambuliwa Denmark kwa siku 180 tangu mtu ahamie, Uswidi kwa mwaka mmoja tangu asajiliwe kuwa mkazi. Baada ya hapo ni kufanya mtihani, haibadilishwi juu kwa juu. Muda ukipita anahesabiwa kama asiye na leseni, na ikitokea ajali bima inaweza kukudai wewe mwenye gari.

Akae kiti cha mbele aelekeze.