Mantiki ipi umpe kompyuta: yenye nguvu au inayomaliza kazi?

Wadau naleta mada, najua wengine watanuna. Ukitaka kompyuta itunze maarifa na kuhitimisha yenyewe, achana na mantiki kamili ya daraja la kwanza, ile yenye "kila", "kuna", "na", "au", "si" bila mipaka. Kuiandika ni tamu, ila wanamantiki Church na Turing walishaonyesha tangu 1936 kwamba hakuna utaratibu wa kimashine wa kujibu kila swali lake, yani kama hitimisho halitokani na ulichoandika programu inaweza kuzunguka milele na wewe umekaa tu hujui imekwama au inakaribia. Chukua mantiki za maelezo, yani vipande vyake vilivyopunguzwa makusudi, hizi zilizobeba OWL, lugha ya kuandikia maarifa kwenye wavuti. Unanyimwa maneno ila jibu unapata. SNOMED CT, hazina ya istilahi za kitabibu, ina dhana zaidi ya 300,000, imejengwa juu ya familia ya EL, mantiki za maelezo nyepesi ambayo hata "si" haina, na programu ya ELK inazipanga zote kwa sekunde chache.

— Mkuu hapo kwenye "jibu unapata" umetupiga chenga. OWL 2 DL nzima, yani OWL pana zaidi ambayo bado ina hakikisho la kumaliza, inamaliza kinadharia, ila muda kwenye hali mbaya unapanda vibaya mno, utazeeka. Na kukosa hakikisho sio kushindwa! Swali la Robbins, la aljebra, liliwasumbua wanahisabati tangu miaka ya 1930, likamalizwa 1996 na programu ya EQP baada ya kusaga siku kama nane, na hakuna aliyeihakikishia kwamba itafika.

— Nyie mnagombania mwendo tu. Mi nauliza, kisichoandikwa maana yake nini? Faili la mgonjwa halitaji mzio wa penisilini. Prolog, lugha ya programu ya kimantiki, inakwambia hana, kwa sababu imeshindwa kuthibitisha kwamba anao. OWL inakwambia haijulikani. Dawa moja, mgonjwa yuleyule, majibu mawili. Na mimi yalishanikuta: niliandika kwenye OWL kila fomu lazima iwe na sahihi, nikaingiza fomu haina sahihi nikijua italalamika, wapi, ikakaa kimya, ikachukulia sahihi ipo sehemu ila haijatajwa. Siku mbili natafuta kosa na kosa halipo. Ndo maana W3C, wanaoweka viwango vya wavuti, walitoa lugha ya SHACL 2017, kazi yake kukagua data iliyopo, sio kuhitimisha.

— Na vighairi je? Ndege huruka, pengwini ni ndege. Mantiki ya kawaida ukiiambia hivyo na pengwini haruki inapata mgongano, na kwenye mgongano kila kitu kinathibitika hata upuuzi. Mtafiti Reiter alileta mantiki ya chaguo-msingi 1980 kwa ajili ya hili, sheria zenye "isipokuwa" bila hiyo utalia.

— Mleta mada hapa. La OWL kukaa kimya kwa kisichoandikwa nimelikubali, sikulipima. Kwa mwendo sirudi nyuma. Ila kwa huyo mgonjwa, hata ukichagua OWL lazima mtu aandike waziwazi "hana mzio", na hakuna anayejaza hivyo kwa kila dawa. Sasa hapo mnafanyaje?