Mrejesho: meza kwenye maonyesho ya vitabu

Niliwauliza kama inamfaa mwandishi anayejichapishia kulipia meza katika Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi, yanayofanyika Sarit Centre, Westlands. Nimekwenda. Mauzo ya rejareja hayakurudisha hata gharama ya meza na nauli, kwa kuwa wengi waliofika walikuwa wanafunzi na wazazi waliotafuta vitabu vya kiada, wakaipekua riwaya yangu kwa adabu na kuuliza kama nina kalamu za bure. Faida ilitoka upande nisioutazamia: mwalimu mmoja wa Kiswahili alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, akauliza bei ya jumla, na sasa shule yake imeagiza nakala za maktaba. Mwakani nitarudi, ila tutachanga na waandishi wenzangu kulipia meza moja.