Dj wa sherehe Moshi nataka nitoke kimuziki, Black Coffee alianzaje?

kontrola_tu:
Wakuu habari za jioni. Mimi ni dj hapa Moshi, napiga sana sherehe, kipaimara, send-off, harusi, na Desemba ndo usiseme, wachaga wakishapanda wote toka Dar ni kazi juu ya kazi. Hela ya kula ipo. Shida Januari wakishashuka mji unapoa na mimi napoa nao, na hakuna ngoma hata moja yenye jina langu, nimepiga za watu tu. Sasa usiku natengeneza biti kwenye FL Studio, ile programu ya muziki ya kompyuta, house na amapiano, washkaji wananiambia niache sherehe nikaze kwenye uproducer. Namuona Black Coffee wa Sauz, dj kama sisi, leo ana Grammy. Aliacha kupiga ndo akaanza kutengeneza au alichanganya?

Mangi_mstaafu:
Dogo yule hakutokea kwenye spika za kukodi. Alisoma muziki Durban, jazz, akawa kwenye kundi la kuimba linaitwa Shana. 2003 akachaguliwa Red Bull Music Academy, mafunzo ya wanamuziki, ilivyofanyika Cape Town, 2005 akatoa albamu ya kwanza chini ya lebo yake mwenyewe, Soulistic Music. Na humo ndani kulikuwa na Stimela ya Hugh Masekela ameigeuza house, yani wimbo ambao kila mzee wa kule anaujua, ndo watu wakasimama wakasikiliza. Grammy imekuja 2022 kwa Subconsciously, we piga hesabu mwenyewe. Halafu mkono wa kushoto hautumii, aliumia 1990 kwenye shangwe za Mandela kutoka jela, gari liliingia kwenye watu. Anapiga kwa mmoja.

dada_wa_njiro:
Hao washkaji zako ndo watakulipia luku na bando? Usiache sherehe. Black Coffee mwenyewe 2010, ana jina tayari, alisimama kwenye mashine akipiga masaa 60 pale Maponya Mall, Soweto (ya Joburg sio hii yenu ya Moshi 😂). Hajawahi kuacha kupiga. We unalo jukwaa kila wikiendi halafu unataka ujifungie chumbani. Chomeka biti yako muda wa msosi watu wakiwa kwenye foleni ya chakula, usimwambie mtu, angalia mashangazi. Bega likicheza bila mwenyewe kujua basi hiyo iendeleze, wakiendelea kupiga stori tu rudi nyumbani kapunguze makelele. Washkaji watakusifia kila kitu, shangazi hana muda huo.

chalii_wa_unga:
Sasa mnamtuma amapiano ya nini, Sauz wanayo ya kutosha. Angalia machalii wa singeli wa studio ya Sisso kule Mburahati Dar, spidi mpaka unahisi laptopu itapasuka, 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikawatolea albamu ya Sounds of Sisso, baada ya hapo wakaenda kupiga Ulaya, na hawakupunguza spidi ili wazungu waelewe. Hata hapa Chuga (Arusha), kundi la X Plastaz walitoka na hiphop yenye sauti ya kimaasai. Tafuta cha huko kwenu mlimani.

Mangi_mstaafu:
Hapo chalii kaongea. Ila ukichukua sauti ya kwaya au ya mzee yeyote omba ruhusa kwanza, na ngoma zako zisajili COSOTA, wale wa hakimiliki. 2017 Drake alitoa Get It Together, ile ni Superman ya Black Coffee imegeuzwa, na jina la jamaa lipo pale. Ukiwa na chako hata wakubwa wanakufuata, ukiwa unapiga tu za wengine wataishia kuuliza bei ya spika na jenereta.

kontrola_tu:
Asanteni wakuu, dada nimekupata sana. Jumamosi kuna kipaimara Kiboriloni nachomeka moja muda wa pilau. Singeli hapana chalii, pale kuna mababu.

chalii_wa_unga:
Weka linki humu tusikie. Na toa ile sauti ya kujitaja jina kila baada ya sekunde kumi, madj wa Moshi mnatuudhi.