Chuchu zina vidonda, nimeambiwa nimwanzishie maziwa ya kopo

MamaKichanga:
Habari zenu wapendwa. Mwanangu yuko wiki ya pili. Akishika titi nauma meno, chuchu zimepasuka hadi damu. Kliniki nesi kaangalia kadi, kasema uzito wa kuzaliwa haujarudi, nimwongezee kopo. Titi lenyewe hakulitazama. Kweli maziwa yangu hayatoshi?

MkungaWaZamu:
Pole mdogo wangu, na hongera kwa mtoto. Kupungua uzito siku za mwanzo ni kawaida, na wengi huurudisha ndani ya wiki mbili. Analowesha nepi ngapi kwa siku? Zikiwa 6 na kuendelea, na choo ni cha njano, maziwa yanaingia.

Mimi nashuku anavyoshika. Akibana chuchu peke yake, wewe unaumia na yeye hashibi. Tumbo lake liguse lako, pua ielekee chuchu. Subiri apanue mdomo kabisa, ndipo umvute yeye aje kwenye titi, wewe usimwinamie. Kidevu kizame kwenye titi, mdomo wa chini ubinukie nje. Utasikia akimeza. Akiachia na chuchu imetoka bapa, hajashika vizuri. Mtoe kwa kupitisha kidole pembeni ya mdomo, uanze upya.

Kesho rudi, omba apimwe kwa mizani ileile na mtu akae amwangalie ananyonya mwanzo hadi mwisho. Foleni najua, lakini hiyo ndiyo kazi yetu, kadi haionyeshi mtoto anavyoshika.

BabaPacha:
Kwani kopo kidogo lina shida gani? Mbona wengi wamekua nalo?

MkungaWaZamu:
Kaka, likihitajika kitabibu tunalitoa bila kumlaumu mama. Ila titi hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Kopo likichukua zamu, maziwa yanapungua. Na kinga iliyo ndani ya maziwa ya mama haimo kwenye kopo: wanaonyonya hawapati sana kuhara, nimonia na maumivu ya masikio. Mama naye hupunguza hatari ya saratani ya titi na ya ovari. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema miezi 6 maziwa ya mama matupu.

MamaKichanga:
Nepi 7 jana. Kulia ameshika bila maumivu, kushoto bado. Asubuhi naenda.

MkungaWaZamu:
Kushoto jaribu kumshikia kwapani, miguu ielekee nyuma yako. Akilegea au akikataa kunyonya, au wewe ukipata homa, usingoje asubuhi.