Mrejesho: shuka la viraka sasa limelala bapa

Wadau, asanteni sana. Niliuliza kwa nini viraka vya vitenge na khanga ninavyounga bila ramani vinafanya mawimbi, na pembe hazikutani. Mlikuwa sahihi: vipande vya mshazari (vilivyokatwa kwa kukingama na uzi wa kitambaa) vilikaa pembezoni mwa miraba, na pasi ilikuwa inaburuzwa.

Mshazari unavutika, hivyo ukingo unarefuka kila ukiushika. Sasa mshazari unakaa katikati tu. Pembezoni ni vipande vilivyofuata uzi. Pasi inawekwa, inanyanyuliwa, inahamishwa.

Kila mraba unaungwa kwa jicho mpaka upite sentimita 33, kisha unakatwa kwa kipimo cha boksi gumu cha 31.5. Mshono ukila 0.75 kila upande, inabaki 30. Miraba 5 kwa 6 inatoa 150 kwa 180. Selotepu niliyobandika kwenye cherehani, milimita 7.5 kutoka kwenye sindano, imesaidia kuliko chochote.

Khanga ni nyepesi kuliko kitenge, basi wakati wa kushona iwe chini, upande wa meno ya cherehani yanayosukuma kitambaa, ili isivutike. Pembe zinakutana pale mkunjo wa mshono mmoja unapolala kushoto na wa pili kulia. Ukizisogeza kwa vidole unasikia zinakabana.

Kwa masalio ya vitambaa ya mafundi wa Kariakoo: yafueni kwanza, nyekundu peke yake. Yenye nailoni yawekeni kando, pasi yenye moto wa kunyooshea pamba inayayeyusha.

Bado nimebakiza miraba 4 na kitambaa cha chini.