Naombeni ushauri: emoji kwenye kompyuta ya mezani, mikono ya pole inageuka vijisanduku

BintiKatuba (Lubumbashi)

Jambo wandugu na wamama wa humu. Niko Katuba, natunza daftari la likelemba (mchango wa pesa wa kupokezana zamu) ya wamama 22. Kila Jumapili jioni naenda kwenye sekretaria (duka la kuchapa) ya mjomba wangu, naingiza hesabu kwenye mashini, yaani kompyuta, kisha namwandikia kila mama: nani ametoa, nani amebakiza, zamu ni ya nani. Kwenye simu siwezi, orodha ni ndefu na macho yanauma.

Sasa sikieni kilichonipata. Mama mmoja wetu aliyehamia Kolwezi alifiwa na dada yake. Pole nilimtungia kwenye simu, taratibu, nikaweka njiwa 🕊 na mikono 🙏 mwishoni. Nikajitumia kwa imeli ili niiunganishe na orodha ya michango ya kilio. Kufungua kwenye mashini, pale penye njiwa na mikono pana vijisanduku viwili vitupu. Niliona vibaya kumpelekea mfiwa kitu kama hicho, nikavifuta, nikatuma. Jioni akanipigia, sauti iko chini kabisa: «Mwanangu, nilikukosea nini?»

Sijalala vizuri tangu siku ile. Mnisaidie mambo mawili: vijisanduku vinatoka wapi, na emoji inaandikwaje kwenye kompyuta? Tuna mashini mbili, moja ya Windows 7, nyingine ya Windows 10. Nimesoma kwamba unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na nukta. Nimejaribu mara kumi, hakuna kinachotokea. Klavie (kibodi) zetu ni AZERTY, mpangilio wa Kifaransa.

Fundi_Kampemba

Dada, pole sana. Tuanze na nukta, maana hapo wengi wanakwama. Maelezo mengi yanaandikwa na watu wa klavie ya QWERTY, mpangilio wa Kiingereza, ambako nukta ina kitufe chake. Kwetu nukta iko juu ya nukta-mkato, lazima ushike Shift ndipo uipate. Bila shaka ulibonyeza vitatu: Windows, Shift na nukta. Achana na Shift. Shika Windows, gusa kile kitufe chenye nukta-mkato (;) na nukta (.) mara moja. Windows inakubali nukta au nukta-mkato, vyote viwili.

Lakini kwanza bonyeza ndani ya sehemu unayoandikia, kile kistari kiwe kinawakawaka, kisha ndiyo uite kidirisha. Kikishafunguka usihangaike kutafuta kwa macho, endelea tu kuandika neno. Klavie ikiwa ya Kifaransa, andika kwa Kifaransa: coeur, fleur, na kadhalika.

Hiyo ni kwa Windows 10 yako. Kidirisha hicho kilikuja Oktoba 2017, na mwanzoni kilikubali klavie ya Kiingereza cha Marekani tu. Lugha nyingine zilifuata 2018. Kwa hiyo kama mashini haijawahi kusasishwa tangu inunuliwe, ifanyie hiyo kazi kwanza.

Kivu_kompyuta (Bukavu)

Naomba nijibu la vijisanduku, maana hapo ndipo dada alipoumia bure.

Emoji si picha. Ni herufi, kama vile A au B. Kila moja ina namba yake katika orodha ya dunia nzima inayoitwa Unicode. Mikono iliyokunjwa ni 1F64F. Unapotuma ujumbe, inayosafiri ni namba. Kompyuta inayopokea inatafuta umbo la namba hiyo kwenye fonti zake, yaani mikusanyo ya maumbo ya herufi. Ikilikosa, inachora kisanduku kitupu.

Windows 7 ilitoka 2009. Emoji ziliingia Unicode kwa wingi Oktoba 2010. Ndiyo maana mashini yenu ya Windows 7 haizijui. Microsoft ilitoa sasisho baadaye, lakini hata hilo lilizileta bila rangi.

Kwa hiyo, dada yangu, vile vijisanduku viwili ulivyovifuta vilikuwa njiwa na mikono yako. Ungeviacha, simu ya yule mama ingevionyesha kama ulivyovitunga. Siku nyingine usifute. Kisanduku unakiona wewe, yeye hakioni.

BintiKatuba

Nimesoma hii mara tatu. Kumbe vilikuwepo.

Mwalimu_Ruashi

Mwanangu, mafundi wamesema vizuri, mimi niseme la mzazi. Hata njiwa angefika salama, ulikosea mahali pengine. Umemwandikia mfiwa sentensi mbili za pole na chini yake orodha ya pesa. Mama yule amesoma nini? Amesoma kwamba unahesabu. Pole huenda peke yake, kwa maneno ya kutosha, umtaje marehemu, uulize alikolala na nani amebaki na watoto. Michango ya kilio iende siku nyingine, au apelekewe mtu mwingine wa familia.

Na kabla ya emoji yoyote: umeshampigia?

BintiKatuba

Bado, muzee. Nilikuwa naogopa. Nampigia leo.

Dada_wa_Himbi (Goma)

Kama mnatumia WhatsApp kwenye kompyuta, hata ile Windows 7 inaweza kusaidia ikiwa bado inaifungua. WhatsApp ya kwenye kivinjari inachora emoji zake yenyewe, haitegemei fonti za mashini. Kuna alama ya uso karibu na sehemu ya kuandikia. Au andika alama ya nukta mbili (:) halafu neno bila kuacha nafasi, mapendekezo yatatokea. Mimi ofisini nafanya hivyo kutwa, mkono hautoki kwenye klavie.

Ila ukinakili kutoka hapo kwenda Word kwenye mashini hiyohiyo, vijisanduku vinarudi. Usishtuke.

Mwana_Linux

Kwa wenye Ubuntu (mfumo wa Linux) badala ya Windows: Ctrl, Shift na U kwa pamoja, achia, andika 1f64f, bonyeza Enter. 🙏 hiyo. Wenye Mac ni Control, Command na kitufe cha nafasi.

Fundi_Kampemba

Niongeze moja kwa dada, kwa sababu najua sekretaria zinachapa kadi za harusi na za kilio. Word za zamani zinaonyesha emoji nyeusi tu, hata kwenye Windows 10. Mteja akitaka waridi jekundu kwenye kadi, weka picha ya waridi, usiweke emoji. Nimeshachapa kadi 60 za harusi zenye mioyo myeusi, na bibi harusi alilia mbele yangu. Nilizirudia zote kwa pesa yangu.

BintiKatuba

Narudi na habari. Nimempigia mama wa Kolwezi. Tumeongea karibu saa nzima, tumelia wote wawili. Nimemweleza habari ya vijisanduku, akasema nimwandikie tena ile pole ya kwanza, aiweke.

Leo nimekaa kwenye Windows 10, nimeshika Windows na nukta-mkato bila Shift. Kidirisha kimefunguka! Nimeandika colombe, njiwa akatoka wa kwanza. Orodha ya pesa nimeipeleka kwa mdogo wake, kama muzee wa Ruashi alivyosema.

Swali dogo tu limebaki. Mama mmoja wetu aliyeko Ubelgiji anapenda niweke bendera ya Kongo. Nikiiweka kwenye imeli naona herufi CD. Nimekosea tena?

Kivu_kompyuta (Bukavu)

Hujakosea. Windows haina michoro ya bendera za nchi, inaonyesha herufi mbili za nchi. Ukifungua imeli kwa Firefox utaiona bendera yenyewe, kwa sababu Firefox inakuja na fonti yake ya emoji. Na mama wa Ubelgiji kwenye simu yake anaiona vizuri, nyota na mstari wake mwekundu. Iache ilivyo.

BintiKatuba

Aksanti sana, wote. Nimekata kipande cha plasta, nimekibandika kwenye kile kitufe cha nukta-mkato na kuchora uso kwa biki, kijana wa zamu ya asubuhi naye akione.