Nataka kazi ya kutengeneza ndege na teknolojia ya kijeshi, nianzie wapi nikiwa Nairobi?

Ndege_ya_Umoja

Wadau habari zenu. Niko mwaka wa nne nasomea uhandisi wa ndege hapa Nairobi na kitu chenye kimenishika kabisa ni upande wa jeshi, yaani droni, rada, mifumo ya kuongoza ndege, teknolojia ya ulinzi kwa jumla. Shida ni kwamba kila mtu nikimuuliza ananipea jibu lake. Lekchara mmoja anasema niende kadeti, binamu yangu anasema niombe masters Marekani halafu niingie Lockheed Martin, ile kampuni ya kuunda ndege za kivita, na mzee nyumbani anasema niachane na hayo mambo nijifunze kuandika programu za benki juu huko ndo kuna mshahara.

Swali langu ni hivi: mtu akitaka kutengeneza hivi vitu, sio kuvirusha wala kubeba bunduki, kuna njia ya kweli yenye inaanzia hapa kwetu? Na kama iko, huu mwaka na kitu umebaki niutumie vipi? Tuko na marafiki wawili tumeanza droni ya mabawa, bado haijakaa hewani vizuri. Masomo niko sekondi apa. Nisaidieni bila kunificha.

---

Msafiri_Wichita

Ndugu yangu hio ya Lockheed wacha nikueleze mapema usije ukapoteza miaka. Mimi niko Kansas, nafanya kwa kiwanda kidogo chenye kinatengeneza vipuri vya ndege za raia, na hata huku upande wa jeshi sijaugusa. Kuna sheria ya Marekani inaitwa ITAR, hio ndo inalinda michoro na data yote ya silaha na ndege za kivita, na inasema mtu wa kuonyeshwa hio data lazima awe raia, au ako na grini kadi, au amepewa hifadhi kama mkimbizi. Ukiwa na visa ya mwanafunzi ama ya kazi, kampuni ikikuonyesha tu mchoro kwa kompyuta sheria inahesabu ni kama wamesafirisha silaha nje ya nchi, hata kama nyinyi wawili mmekaa ofisi moja. Kwa hivyo wengi hawakuiti hata kwa intavyuu. Na grini kadi pekee yake haifiki kwa kazi za siri, kibali cha usalama wanapea raia. Uingereza nako kile kibali chao cha usalama kinaitwa SC kwa kawaida wanataka uwe umeishi huko miaka 5.

Sisemi usije. Masters ya huku ni nzuri sana hasa upande wa kontroli na vifaa vya komposeti, na utafiti mwingi wa chuo kikuu uko wazi kwa kila mtu. Lakini usikope pesa ya shamba ukifikiria utashuka uwanja wa ndege wa JFK na mwaka unaofuata unachora bawa la ndege ya kivita. Njia hio ni ya miaka mingi na inapitia uraia.

---

Mzee_wa_Hanga

Kijana, mimi nimekaa kwa hanga, lile banda la kutengenezea ndege, maisha yangu yote ya kazi, kwanza nikiwa kwa sare halafu uwanja wa Wilson upande wa raia, na nitakuambia venye naona.

Jeshi letu halitengenezi ndege, linanunua. Ndege za kivita za F-5 zilitoka Marekani miaka ya mwisho ya 70, za mizigo Y-12 zikatoka China, C-27J Spartan zikaja juzi kutoka Italia. Sasa vijana wakisikia hivo wanaona hakuna uhandisi hapa. Uko, tena mgumu, ni vile hauko kwa ile karatasi nyeupe ya kuchora ndege mpya. Fikiria F-5 yenye umri wa baba yako. Northrop, kampuni iliyoiunda, hawaiundi tena tangu kitambo, vipuri vingine havipatikani sokoni, na mwili wa ndege unazidi kuchoka kila ikikata kona kali. Mtu lazima aamue kama hio ndege inaruka kesho ama haitaruka. Mtu lazima aamue redio mpya itaingia wapi, itavuta umeme kiasi gani, itaingiliana na nini, uzito ukiongezeka mbele utaondoa nini nyuma. Huyo ni mhandisi.

Nikuonyeshe kitu kidogo. Ukitaka kujua kama kipande cha chuma kina ufa ambao jicho haliwezi kuona, unakisafisha kabisa hadi mafuta yote yaishe, unakipaka dawa nyekundu nyepesi yenye inaingia kila mwanya, unangoja dakika 10 ama zaidi kulingana na kitabu, unapanguza yote mpaka kinaonekana kisafi, halafu unapuliza unga mweupe. Ukikaa hapo na tochi utaona mstari mwembamba mwekundu unajitokeza polepole kwa ule weupe, mwembamba kuliko unywele. Hio ndo ufa, na hio ndo ingeua rubani. Kijana akishaona huo mstari mara moja kwa mikono yake anaelewa uchovu wa chuma kuliko yule amesoma fomula peke yake, na ndo maana nasema usidharau kazi ya ufundi ukidhani mhandisi ni mtu wa ofisi. Kwa hanga kuna ubao wa vifaa umechorwa umbo la kila spana. Jioni nafasi moja ikibaki wazi, ndege haitoki mpaka hio spana ipatikane, hata kama anayeingoja ni mkubwa namna gani. Nidhamu ya namna hio huwezi kuipata darasani.

Kuhusu kuingia jeshini: kuna njia ya kadeti wa kawaida, na kuna ile ya afisa mtaalamu kwa wenye tayari wako na digrii, wahandisi wakiwemo. Zote zinatangazwa na Wizara ya Ulinzi, soma tangazo lenyewe neno kwa neno juu ya umri na vyeti, na hakikisha kozi yako inatambuliwa na bodi ya wahandisi, EBK, uangalie mapema kabla hujamaliza. Kuandikishwa ni bure. Mtu akikuambia anajua mkubwa fulani na anataka kitu kidogo, huyo ni mwizi, na wewe ukitoa umekuwa mwenzake.

Ukiwa raia, tafuta leseni ya fundi wa ndege ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, ya mwili na injini au ya avioniki, yaani vifaa vya kielektroniki vya ndege, na uanze kujaza logibuku siku ya kwanza ya atachimenti, kila kazi na sahihi yake. Vijana wanaacha hio logibuku mpaka mwisho halafu wanazunguka Wilson wakitafuta watu wa kuwawekea sahihi kazi ambazo hakuna anayezikumbuka.

Na usiniambie nchi kama yetu haiwezi kuunda ndege. Brazil walianzisha chuo chao cha uhandisi wa ndege cha ITA mwaka 1950, na kampuni ya ndege ya Embraer ikaanzishwa 1969 palepale São José dos Campos, na moja ya ndege zao ni Tucano, ya kufundishia marubani. Tucano iliyoundwa Belfast kwa leseni ya hao Wabrazil imeruka hapa kwetu na rangi za jeshi la Kenya. Mashine iliyobuniwa na watu wa Kusini, marubani wetu walijifunzia juu yake. Lakini hesabu hapo, kati ya chuo na kampuni ni karibu miaka 20. Walianza na watu.

---

Shiru_Saketi

Mzee amesema yote ya hanga, mimi niongeze upande wa kielektroniki juu ndo naishi huko.

Siku hizi teknolojia ya ulinzi inakimbilia vitu vidogo. Angalia Ukraine, droni za bei ya chini zilianza kuangushwa kwa kuvurugiwa redio, na kufikia 2024 zikawa zinaonekana kwa wingi zile zinaburuta uzi wa fiba nyuma kilomita kadhaa ili hakuna redio ya kuvuruga. Mabadiliko ya namna hio hayangoji miaka 15 kama ndege kubwa. Kwa hivyo mtu anajua redio, antena, kuchakata mawimbi na kontroli ako na kazi, na hizo unaweza kujifunza hapahapa na vifaa vya Luthuli Avenue.

Hio droni yenu yenye haikai hewani, mmepima msukumo wa propela hapa Nairobi ama mlitoa namba kwa karatasi ya muuzaji? Nauliza juu hili nimeona kwa vikundi vingi. Zile namba kwa kawaida ni za usawa wa bahari. Sisi tuko kama mita 1,660 juu, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya sita, na mchana wa joto inazidi kuwa nyepesi. Propela ikizunguka kasi ileile inasukuma pungufu kwa kiasi hicho hicho, na bawa nalo linataka kasi kama asilimia 10 juu zaidi ndo libebe uzito uleule. Ukichanganya hizo mbili utaelewa kwa nini inatoka mkononi, inainua pua, halafu inaanguka upande. Fungeni mota kwa ubao, wekeni juu ya mizani ya jikoni ikisukuma chini, nguvu yote, muandike gramu, volti na ampea. Mfanye hivo na propela tatu za ukubwa tofauti. Hio jedwali moja itawafundisha kuliko video zote.

Softiweya za bure ziko: XFLR5 kwa mabawa, OpenVSP yenye ilitoka NASA kwa umbo lote la ndege, ArduPilot ama PX4 kwa ubongo. Lakini usikae tu kuweka ArduPilot na kubonyeza. Fungua kodi, soma ile sehemu inachanganya jairo (inapima mzunguko) na aksileromita (inapima mabadiliko ya kasi) na GPS kupata ndege iko wapi, halafu ujaribu kuandika yako hata kama ni mbaya. Na usome DO-178C inataka nini, hio ndo kiwango cha softiweya za ndani ya ndege za raia, iko na ngazi A mpaka E kulingana na kosa likitokea litaua ama litasumbua tu. Ngazi A lazima uonyeshe kila sharti ndani ya kila uamuzi wa kodi limejaribiwa. Mtu akija kwangu ameshaelewa hilo namwajiri mbele ya mwenye gredi kubwa.

Pia usisahau Kenya Space Agency, shirika letu la anga za juu. Watu wengi hawajui iko chini ya Wizara ya Ulinzi. Setilaiti yao ya Taifa-1 iliruka 15 Aprili 2023 kwa roketi ya SpaceX kutoka Vandenberg, na wahandisi wetu walifanya kazi pamoja na kampuni ya Bulgaria kuitengeneza na kuipima. Ni njia ya raia, bila sare, na bado ni kazi ya nchi.

---

Halima_SouthC

Mimi naona hakuna mtu amemuuliza kijana swali lenye mimi ningetaka aulizwe. Unataka kutengeneza kwa ajili ya kufanya nini? Rada ya kuona mpaka, droni ya kutafuta watu waliopotea, na kombora, vyote vinaitwa teknolojia ya ulinzi lakini siku ya hesabu havilingani. Mimi jamaa zangu wako kaskazini, wanajua sauti ya helikopta inakuja kusaidia na wanajua ile nyingine.

Simkatazi. Nchi lazima ijilinde, na lile shambulio la Garissa hatujasahau. Nasema tu mhandisi asome sheria ya vita kama venye anasoma aerodinamiki. Kuna Itifaki ya Kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva, kifungu cha 36 kinasema nchi ikitengeneza ama kununua silaha mpya lazima ichunguze kwanza kama matumizi yake yanaruhusiwa. Huo uchunguzi unahitaji mhandisi wa kusema ukweli jinsi mashine inakosea: inakosa shabaha kwa mita ngapi, ikipoteza mawasiliano inafanya nini. Na mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya ardhini, nchi zilikutana hapa Nairobi mwaka 2004 kuuangalia upya. Hizo ni silaha watu walitengeneza vizuri kabisa kiufundi, zikabaki ardhini zikikata miguu ya watoto miaka baada ya vita. Kijana aamue mapema kitu gani hatakubali kufanya, kabla hajawa na mkopo na familia.

---

Ndege_ya_Umoja

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Msafiri nimekuelewa, masters nitaomba lakini sio kwa hio ndoto. Shiru ni kweli tulitumia namba za muuzaji, kesho tunafunga mota kwa ubao. Dada Halima, mimi roho yangu iko kwa droni za kuangalia mpaka na kutafuta watu, na hilo la kusema ukweli jinsi mashine inakosea sijawahi kulisikia darasani, nitalifanyia kazi kwa mradi wa mwaka wa mwisho.

Mzee swali moja la mwisho: kati ya atachimenti ya hanga Wilson na ile ya ofisi ya kampuni ya droni, nichague gani? Nimepata nafasi zote mbili.

---

Mzee_wa_Hanga

Hanga. Hata ukifagia wiki ya kwanza. Ofisi ya droni utaipata baadaye na utaingia ukiwa unajua ndege inavunjika vipi. Uliza wakuweke na mtu wa kukagua mwili wa ndege, sio na watu wa kubadilisha magurudumu peke yake, na uwe huko saa moja asubuhi kabla yake.

---

Shiru_Saketi

Naungana na mzee, na weekendi uendelee na droni. Ila kabla hamjarusha hio kitu, nendeni KCAA muulize vibali, kuna kanuni za 2020 za ndege zisizo na rubani na ukiagiza vipuri kutoka nje hapo pia kuna kibali. Msirushie Umoja, mko karibu sana na njia za ndege za Eastleigh na Embakasi. Ukishapata ile jedwali ya propela iweke hapa tuiangalie pamoja, uandike na saa ya kupima na joto lilikuwa ngapi.